MCHEZO WA MAGLADIATERI: TUSIKILIZWE KWANZA

Ndugu wanafunzi, waalimu wetu waheshimiwa,

Wengi wenu mumekwisha kusikia habari ya lile sanduku la viatu lililochukuliwa katika darasa letu saa ya mapumziko. Ndani yake mlikuwa watu wadogo 12 wa udongo, vipande vya wavu, punje za mahindi na dé mbili za mti. Tangu siku ile maneno yamekuwa mengi. Wengine wanasema tulikuwa tukicheza kamari. Wengine wanasema ni sanamu. Wengine wanasema tunafundishana kuua watu.

Hatuandiki ili kugombana na wakubwa. Direkta wa nidhamu alifanya kazi yake, na katika jambo moja alikuwa na haki kabisa. Jambo hilo tutalisema hapa chini bila kulificha. Lakini tunaona kwamba mchezo wetu umehukumiwa kabla ya kuonwa. Kwa hiyo tunaomba nafasi katika gazeti letu hili, tueleze ni mchezo gani, namna ya kuuanza, na sababu gani tunafikiri unafaa kuwa katika shule ya Kikristo.

Mwanzo wake ni somo la historia. Mwalimu alitufundisha kwamba mwaka 264 kabla ya Kristo, kule Roma, watoto wa mzee mmojawapo aliyekufa, jina lake Junius Brutus Pera, walifanya matanga ya baba yao kwa kupiganisha jozi tatu za watu wenye panga. Jozi tatu tu, watu sita. Kutoka pale desturi ikakua mpaka wafalme wakajenga viwanja vikubwa vya mawe. Magladiateri wengi walikuwa watumwa, mateka wa vita na watu waliohukumiwa. Jioni ile mmoja wetu alichukua udongo na kufinyanga watu wawili. Ndivyo tulivyoanza.

Neno letu la kwanza kwa yeyote anayetaka kuanza ni hili: anza na watu wawili tu. Tumeona wengine wanataka kufinyanga jeshi zima siku moja. Wanachoka, udongo unapasuka, na mchezo unakufa kabla ya kuzaliwa. Kwa vita kubwa unahitaji watu mia. Kwa kiwanja cha magladiateri wawili wanatosha, nao unaweza kuwamaliza Jumamosi moja.

Udongo tunauchukua pembeni ya Lukuga. Uondoe mchanga na majani, uukande mpaka uwe laini kama bukari. Mtu wako awe na urefu wa sentimita mbili na nusu, asizidi tatu. Akiwa mkubwa kuliko hapo, miguu haiwezi kumbeba. Umsimamishe juu ya kifuniko cha chupa ya limonadi, ndicho uwanja wake wa kukanyaga. Umkaushe kivulini siku tatu, usimweke juani, atapasuka shingo. Rangi hazinunuliwi: mkaa uliosagwa ni nyeusi, vumbi la tofali ni nyekundu, chokaa ni nyeupe. Uchanganye na gundi ya unga wa muhogo. Kijiti cha ufagio kinakuwa mkuki, na waya mwembamba unakuwa upanga.

Wawili wa kwanza wawe hawa. Mmoja ni yule ambaye Waroma walimwita retiarius, maana yake mtu wa wavu. Hana kofia ya chuma wala ngao. Ana wavu, ana mkuki wenye meno matatu, na kisu. Sisi watu wa Kalemie tulimpenda mara moja, sababu ni mtu wa ziwa kama baba zetu. Wavu wake tuliukata katika wavu mzee wa ndakala. Wa pili anaitwa secutor, ndiye Mfukuzaji. Ana ngao kubwa, upanga mfupi, na kofia ya chuma inayofunika uso mzima. Kofia ile ni ya mviringo na laini bila pembe, ili wavu usipate pa kushika. Matundu ya macho ni mawili tu, madogo. Anaona vibaya na anapumua vibaya.

Kiwanja ni karatasi kubwa iliyogawanywa kwa miraba ya sentimita 4, miraba 10 huku na 10 huku. Pembe zinakatwa ili kiwe duara. Kila mtu ana majeraha 3, tunayahesabu kwa maharagi. Pumzi tunazihesabu kwa punje za mahindi: Mtu wa Wavu ana 10, Mfukuzaji ana 7 tu, juu ya ile kofia. Zamu yako ikifika, Mtu wa Wavu anaweza kutembea miraba 3, Mfukuzaji 2, kisha kupiga mara moja. Kila pigo linakula punje moja. Mkuki unafika miraba miwili, upanga unafika mraba wa jirani tu. Ukitupa dé, Mfukuzaji anaumizwa kwa 5 au 6, sababu ana ngao. Mtu wa Wavu anaumizwa kwa 4, 5 au 6. Asiye na punje hawezi kupiga. Akisimama zamu nzima bila kutembea na bila kupiga, anarudishiwa punje moja.

Wavu unatupwa mbali ya miraba miwili. Dé ikitoa 5 au 6, Mfukuzaji amenaswa: zamu yake inayofuata hatembei wala hapigi, na mapigo juu yake yanaingia kwa 3 na kuendelea. Usiponasa, unapoteza zamu moja kwa kuvuta wavu kwa kamba yake. Zamani tuliruhusu kuutupa hata kwa jirani kabisa. Ni dada mmoja wa darasa letu aliyetucheka. Yeye na mama yake wanashona nyavu. Akatuambia: "Wavu haitupwe sawa vile jiwe. Inaomba nafasi ifunguke." Tukabadilisha sheria siku ile ile, na tangu pale yeye ndiye anayetushinda sisi wote.

Basi, huo ndio mchezo wote. Mwenye haraka anaushindwa. Mwanzo kila mmoja wetu alipenda Mfukuzaji, sababu ana silaha nzito. Tulikimbia mbele na kupiga, kupiga, kupiga. Zamu ya saba punje zimekwisha, na mwenzetu wa wavu anazunguka pembeni akiwa na pumzi zake zote. Wazee wetu waliokesha redioni tarehe 30 Oktoba 1974 wanalijua jambo hili. Usiku ule, kule Kinshasa, katika kiwanja cha 20 Mei ambacho leo kinaitwa Tata Raphaël, George Foreman alikuwa mwenye nguvu zaidi. Muhammad Ali aliegemea kamba, akamwacha apige mpaka mikono ikachoka. Mzunguko wa 8 Foreman akaanguka. Pumzi ni mali, usiitupe.

Sasa tuje kwenye mashitaka.

La kwanza ni kamari. Hapa tunakiri. Wiki ya pili wachezaji wengine walianza kuweka karanga, halafu kalamu za bic, halafu franka. Mwanafunzi mmoja wa chini alipoteza pesa ya daftari. Ilikuwa kosa letu, sababu tuliona na tukanyamaza. Direkta alikuwa na haki kukasirika. Pesa ile tumeirudisha, na yeyote atakayeweka hata karanga moja hatacheza nasi tena. Lakini dé peke yake haina dhambi. Tunasoma kwamba askari walipigia kura vazi la Bwana wetu, ni kweli. Tunasoma vilevile kwamba mitume walipiga kura kumpata Mathiya. Kama dé inachukiza macho ya mtu, tutaandika namba 1 mpaka 6 juu ya vipande vya karatasi na kuvivuta ndani ya kopo. Mchezo hautapoteza kitu.

La pili ni sanamu. Hili tunaona ni dogo. Watoto wetu nyumbani wanafinyanga ng'ombe, mitumbwi na kamyo za udongo, na hakuna mzazi anayesema wanaviabudu.

La tatu ndilo zito, na hatutaki kulirukaruka. Wanasema: viwanja vile ndivyo mahali Wakristo walipouawa. Namna gani watoto wa Wakristo wanavigeuza kuwa mchezo? Ni kweli. Tarehe 7 Machi mwaka 203, kule Karthago, katika Afrika yetu hii, mama mdogo Perpetua na mtumwa Felisita waliuawa mbele ya watu kwa sababu walikataa kumkana Kristo. Na Augustino, naye Mwafrika, ametuachia katika Maungamo habari ya rafiki yake Alypius. Kijana yule alichukia michezo ya damu. Wenzake wakamvuta kwa nguvu mpaka kiwanjani. Akafumba macho, akafikiri ameshinda. Ghafula watu wakapiga kelele kubwa, akafumbua macho kidogo tu kutazama ni nini. Tangu dakika ile hakuweza kuyaondoa. Alirudi nyumbani akiwa mwingine, naye akaanza kuwavuta wengine.

Tulipoisoma habari hiyo, tulijua tusijifanye wenye nguvu kuliko Alypius. Tutaeleza jambo lililotupata sisi wenyewe.

Katika mchezo wetu, mwenye majeraha matatu hafi. Anaangusha ngao na kuinua kidole kimoja. Ndivyo Waroma walivyofanya: gladiateri aliyeshindwa aliinua kidole kuomba aachiliwe, na mwenye michezo alisikiliza watu wanasema nini kabla ya kutoa neno. Sisi tuliwapa watazamaji hukumu hiyo. Wanafunzi 15 au 20 walisimama kuzunguka meza yetu. Na kila mara, wiki ile ya kwanza, walipiga kelele: "Ua! Ua!" Walicheka. Na sisi tulicheka. Mtu wa udongo alivunjwa shingo na kutupwa dirishani.

Kati yetu kuna mwenzetu mmoja ambaye jamaa yake walikimbia vijiji wakati wa vita ya Watwa na Waluba. Wote munajua, miaka ya 2016 na 2017 watu wengi sana walikuja kujenga vibanda pembeni ya Kalemie. Yeye alikuwa mtoto mdogo. Siku ile alikuwa anachezesha Mtu wa Wavu, na alishindwa. Akaweka kidole cha mtu wake juu. Kelele ikaanza. Akasema kwa sauti ndogo: "Mbona munacheka? Ule mutu anaomba, na ninyi munacheka. Mimi niliona mutu anapiga magoti vile. Habakumusamehe." Halafu akachukua yule mtu wa udongo, akamweka mfukoni, akatoka inje.

Hakuna aliyecheka tena. Siku mbili hatukufungua sanduku. Tulijiuliza kama ni vizuri kulitupa ziwani, na yaishe. Huenda wakubwa wetu watasema hilo ndilo lililotupasa. Lakini mwenzetu yule yule alirudi na kusema tusilitupe, tubadilishe hukumu. Alitupa maneno haya: mtu akiwa katikati ya kelele, kinywa chake si chake. Tukakumbuka tena usiku ule wa Kinshasa. Kiwanja kizima kiliimba "Ali, boma ye", yaani Ali, muue. Tunaamini wengi wao hawakutaka maiti hata moja. Foreman baadaye akawa mhubiri wa Injili, na yeye na Ali wakawa marafiki. Lakini neno ni lile lile, na watu wengine wanalisema siku ambayo kuna panga kweli.

Sheria yetu mpya ni hii. Kidole kikiinuka, wote wananyamaza. Anayetaka yule aachiliwe hahitaji kusema kitu. Anayetaka auawe lazima asimame peke yake, ataje jina lake, na aseme sababu mbele ya wote. Kisha yeye mwenyewe, si mwingine, amvunje kwa mkono wake mtu ambaye mwenzake alimfinyanga na kumkausha siku tatu. Tangu tulipoanza sheria hii, mmoja tu alisimama. Alisimama, akatafuta sababu, akakosa, akakaa. Watu wetu 12 wote walikuwa wazima siku sanduku lilipochukuliwa.

Tena tuliposoma zaidi tuliona kwamba hatukubuni neno geni. Mapigano yalikuwa na mwamuzi mwenye fimbo, na aliweza kuyasimamisha. Wakilingana nguvu, wote wawili waliachiliwa wakiwa wamesimama. Kule Pergamo, mji tunaousoma katika Ufunuo, mganga Galen alianza mwaka 157 kuwatibu magladiateri vidonda vyao. Na Kaisari Augusto, yule yule wa Luka 2, alikataza mapigano yasiyoruhusu aliyeshindwa kuomba kuachiliwa. Hatusemi Augusto alikuwa mtu wa huruma. Tunasema hata mpagani aliona kwamba pale lazima pawe na mlango. Je, sisi tulioimba asubuhi kanisani, tunapiga kelele ya "ua" saa nne?

Na kuna jambo moja la Perpetua ambalo hatukulijua mbele. Aliyetumwa kummaliza alikuwa gladiateri kijana, mgeni katika kazi ile. Mkono wake ulitetemeka, akakosea, mpaka Perpetua mwenyewe akauongoza ule mkono shingoni pake. Zamani tulifikiri habari hii ina upande wa watakatifu na upande wa wauaji, basi. Sasa tunamwona na yule kijana mwenye upanga, anatetemeka, na watu elfu wanamtazama. Labda angeweza kuutupa upanga chini. Hakuutupa. Katika nchi yetu vijana wa umri wetu wamepewa silaha, na nyuma yao kulikuwa watu wanapiga kelele. Tunataka kujifunza kunyamazisha kelele ile tukiwa bado na watu wa udongo mikononi.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu kwa heshima yote.

Kwanza, sanduku lisirudishwe kwetu, bali likae kwa mwalimu wa historia, naye awe na ufunguo.

Pili, turuhusiwe kucheza Jumamosi saa tisa, baada ya usafi, mlango ukiwa wazi, na mwalimu yeyote aweze kuingia. Dada zetu wacheze sawa na kaka zao. Wa madarasa ya chini waje kutazama kwanza, wafinyange wao, halafu ndipo wacheze.

Tatu, Bwana Prefe, Direkta na Mchungaji waje mara moja, wakae mezani, wacheze mchezo mmoja mpaka kidole kiinuke. Tutawapa Mtu wa Wavu na punje zake 10. Wakimaliza hapo na bado wanaona ni kibaya, tutavunja watu wetu wenyewe na kurudisha udongo Lukuga, na hamutasikia manung'uniko.

Najua wako wenzetu ambao hawatakubali nasi. Mmoja ametuambia kwamba mchezo wa kuua ni mchezo wa kuua, hata ukiuwekea sheria nzuri. Tunamheshimu, na tunamwomba aandike katika namba inayofuata. Tutamsoma.

Mwenzetu aliyetoka na mtu wake mfukoni bado anaye. Siku ya kuchukuliwa kwa sanduku huyo hakuwamo ndani, kwa hiyo jumla yao ni 13. Kidole chake kiko juu hata sasa, sababu udongo umekwisha kukauka.

 

Sisi wachezaji, wa darasa la nne